Swali la lugha: Kalamu ya rais na ngeli ya mswada

SWALI: Nimesikia kwenye taarifa ya habari: "Mswada wa Trump unawatoza asilimia 1 wanaotuma pesa taslimu nje ya Marekani." Kaka yangu yuko huko na ameshakatwa. Huo bado ni mswada? Na mswada uliobeba kodi, matibabu na ukuta wa mpakani kwa mpigo tuuiteje? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kama kaka yako ameshakatwa, hiyo ni sheria. Mswada haumkati mtu hata senti.

Neno lenyewe linajieleza. Limetoka kwenye Kiarabu, musawwada, yaani rasimu, na mzizi wake ni ule wa weusi tunaousikia katika Hajarul Aswad, jiwe jeusi la Makka. Ni karatasi iliyotiwa weusi wa wino, bado inafutwafutwa. Ndiyo maana mtunzi wa riwaya naye hupeleka mswada kwa mchapishaji, na ukishachapwa hatuuiti mswada tena. (Dodoma huandika muswada, Nairobi mswada. Sigombani na yeyote, mradi wingi uwe miswada.)

Huu wa Trump ulifutwafutwa kwelikweli. Tozo inayomuuma kaka yako ilianza na pendekezo la asilimia 5, Baraza la Wawakilishi likapitisha 3.5, mwishowe ikabaki 1. Seneti iligawanyika 50 kwa 50 mpaka Makamu wa Rais JD Vance akapiga kura ya kuamua. Wawakilishi wakaupitisha mara ya mwisho kwa 218 dhidi ya 214. Hadi hapo ni mswada: ulijadiliwa, ulipitishwa, ulirudishwa. Tarehe 4 Julai 2025 Trump akautia saini, na kalamu hiyo, kwetu sisi, ikahamisha hata ngeli. Mswada mmoja mkubwa ukawa sheria moja kubwa. Kwa hiyo: mswada ulitiwa saini Julai, lakini sheria inatoza tangu Januari 2026. Mtangazaji wako alipaswa kusema "Sheria ya Trump inawatoza".

Kinyume chake ni Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024. Bunge liliupitisha Juni 25, vijana wakiwa barabarani, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Huo tutauita mswada daima. Anayeandika "Sheria ya Fedha ya 2024" akiukusudia huo amefufua maiti.

Sasa jina la mswada wa mambo mengi. Wahafidhina (neno la ukoo mmoja na hifadhi) wa chama cha Republican walijaza humo punguzo la kodi la 2017 lisilo na kikomo tena, sharti la saa 80 za kazi kwa mwezi kwa baadhi ya watu wazima wanaotibiwa kwa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na mabilioni ya dola ya ukuta. Tanzania tuna "Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali", ila jina hilo linanukia karani anayerekebisha koma. "Jumuishi" silipendi: tangu tupate elimu jumuishi, neno hilo limekuwa sifa. "Mseto" linavutia, na serikali ya mseto tunayo. Lakini mseto wa choroko na mchele ukishapondwa hutenganishi tena, na humu kila kifungu kimekaa peke yake. Mimi huandika "mswada wa mambo mengi". Halina madoido, lakini hakuna asiyelielewa.

Mwenyewe Trump aliuita mmoja, mkubwa, mzuri. Maneno hayo yaliondolewa kwenye maandishi rasmi kule Seneti, baada ya Chuck Schumer wa Democratic kuweka pingamizi, kwa hiyo sheria ilizaliwa bila jina lake.

Na kaka yako mwambie tozo hiyo iko kwenye pesa taslimu na hundi za kununua (money order na cashier's check). Akituma kutoka akaunti yake ya benki ya huko, au kwa kadi iliyotolewa huko, haimgusi.