Bushi zimechoka, gari linagonga: majibu kwa wenye magari ya spoti ya zamani

Toyota Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani 2005. Hata hiyo imeshatimiza miaka 20, na mpira wa chini yake una umri huohuo kama haujawahi kubadilishwa. Ndiyo maana barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: bushi.

Shikamoo fundi. Nina Altezza ya 1999. Nikipita rasta za Bagamoyo Road inagonga mbele, na nikifunga breki ghafla inavuta kushoto. Niliambiwa ni shokapu, nimebadilisha zote mbili za mbele, mlio uko palepale. (Msomaji wa Sinza)

Marahaba, mwanangu. Shokapu ikifa, gari likivuka tuta huendelea kunesa juu na chini kama boti. Wewe hujaandika kwamba linanesa. Umeandika linagonga na linavuta, na hapo mimi naanza kushuku bushi.

Altezza ina amu ya juu na ya chini kwa kila gurudumu, mbele na nyuma. Amu ni ule mkono wa chuma unaolishika gurudumu, na unafungwa kwenye chesisi kupitia bushi: bomba dogo la chuma katikati, mpira, kisha bomba kubwa la nje, vyote vimegandamana. Mpira ukichanika, amu inapata nafasi ya kucheza. Ukifunga breki gurudumu linasukumwa nyuma, la upande uliochoka zaidi linakwenda mbali zaidi, gari linavuta. Breki iliyokwama nayo huvuta, kwa hiyo ianze kukaguliwa hiyo.

Halafu gari lipandishwe kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Ingiza mtaimbo kati ya amu na chesisi, sukuma taratibu. Mpira mzima unanyumbuka kidogo na kurudi. Uliokufa utaona ufa unafunguka, au utasikia chuma kinagusa chuma. Vipasuko vidogo vya juujuu visikutishe. Siku hiyohiyo wakague boljointi (kiungo cha duara kinachoacha gurudumu ligeuke) na linki za stablaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), maana linki iliyokwisha ndiyo hasa hupiga ko-ko-ko kwenye rasta. Fundi akikutajia spea kabla hajaingia chini ya gari, mwombe aingie kwanza.

Zimekufa za kushoto tu, za kulia bado nzuri. Nibadilishe upande mmoja? (Msomaji wa Tabata)

Badilisha pande zote mbili. Sisi tunaendesha kushoto, na kushoto ndiko kwenye kingo za lami zilizomeguka na madimbwi, basi upande huo hutangulia. Ila mpira wa kulia una miaka ileile, na ukiwa na mpira mgumu upande mmoja na laini upande wa pili, gari halitanyooka.

Kuna fundi Gerezani ananiambia atanichongea bushi za nailoni ngumu kwenye mashine ya kukereza, eti hazifi mpaka gari life. Nina Celica. (Msomaji wa Ubungo)

Wachongaji wetu nawaheshimu. Wameokoa magari mengi ambayo spea zake hazipatikani tena. Lakini bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Bomba la ndani linabanwa na bolti lisisogee, la nje linakwenda na amu, na mpira ulio katikati ndio unaojipinda na kurudi. Kazi yake nyingine ni kumeza mshtuko. Ukiweka nailoni ngumu, mshtuko huo hauishi, unahamia kwenye boljointi, kwenye maungio ya chesisi na mikononi mwako. Tena zipo amu zinazohitaji kupinda pande zaidi ya moja. Ukiziwekea kitu kigumu zinakwama, na gari linakuwa na tabia za ajabu kwenye kona.

Kama unataka ugumu, tafuta za poliyurethani (plastiki ngumu inayonyumbuka kidogo) zilizotengenezwa kwa modeli yako. Hizo zimeundwa bomba lizunguke ndani yake, kwa hiyo zinataka grisi ya silikoni, na ikikauka zinalia. Kwa gari la mashindano nitakukubalia. Kwa gari la kwenda Posta asubuhi na kurudi jioni, mimi ningenunua mpira wa kampuni inayoaminika na nikalala usingizi.

Bushi zangu zinalia nyii-nyii. Gereji wanapulizia oili chafu zinanyamaza wiki nzima. Kuna ubaya? (Msomaji wa Magomeni)

Upo. Oili inauvimbisha mpira wa asili na kuulainisha mpaka unachanika. Acha kabisa. Na kama injini au boksi la stelingi linavuja juu ya bushi, ziba uvujaji kabla hujanunua bushi mpya. Wakati wa kuingiza bushi, maji ya sabuni yanatosha kuutelezesha mpira.

Nilifungiwa bushi mpya, za bei, kwenye Impreza. Miezi minne tu zimechanika. Muuza spea anasema fundi, fundi anasema spea ni feki. Nimwamini nani? (Msomaji wa Mbezi)

Feki zipo sokoni, sikatai. Lakini nikuulize: bolti zilikazwa gari likiwa wapi? Kama lilikuwa juu, magurudumu yananing'inia, nadhani jibu tumelipata.

Hili limenipata mimi mwenyewe. Nilipeleka gari langu gereji moja nikiwa na haraka, bushi nilinunua kwa akiba yangu, na baada ya miezi michache nikazikuta zimepasuka mduara mzima. Niliumia sana, kwa sababu spea ilikuwa nzuri na kazi ilionekana safi kwa macho.

Fikiria gari likiwa juu: amu imeshuka chini. Ukikaza bolti hapo, bomba la ndani linabanwa amu ikiwa imeinama. Ukishusha gari, amu inapanda, lakini bomba haliwezi kuifuata. Mpira unabaki umepindwa hata gari likiwa limeegeshwa usiku. Kila tuta linaongeza msokoto juu ya msokoto. Mpira gani utadumu hivyo?

Dawa yake haigharimu chochote. Funga bolti zote kwa mkono tu, rudisha magurudumu, shusha gari likae kwa uzito wake juu ya shimo la gereji au kwenye ngazi za kupandishia gari. Litikise juu na chini, lisukume mbele na nyuma ili likae vizuri. Hapo ndipo ukaze, kwa spana ya kupimia mkazo na kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Kama hakuna shimo, kabla ya kufungua chochote chukua futikamba, pima kutoka katikati ya ringi mpaka ukingo wa bodi juu yake. Wakati wa kukaza, inua amu kwa jeki ya pili mpaka kipimo kirudi palepale, huku gari likiwa salama kwenye stendi. Na ukibadilisha springi ili gari lilale chini, legeza bolti hizo na uzikaze upya kwa kimo kipya. Wengi hulisahau hili.

Jambo jingine kwa Impreza yako: bushi kubwa ya nyuma ya amu ya mbele, ambayo ndiyo huchoka mapema, ina matundu kwenye mpira. Yana upande wake. Piga alama kwenye amu kabla ya kuitoa ya zamani, na itolewe kwa presi yenye vikombe vinavyolingana, si kwa nyundo.

Naishi Kigamboni karibu na bahari. Bolti zimegoma kabisa, zinazunguka na bomba lake. (Msomaji wa Kigamboni)

Chumvi hiyo. Bolti imegandia ndani ya bomba, na ukiizungusha unapinda mpira tu. Pulizia dawa ya kutu leo, rudia kesho, kisha ujaribu. Ikikataa, ikatwe kwa msumeno pembeni mwa bushi, maana bushi yenyewe unaitupa. Wakitumia moto wa gesi, uwe mbali na tangi na mabomba ya mafuta, na moshi wa mpira usiuvute. Nunua bolti mpya kabla ya kuanza. Zile zenye kichwa cha yai, zinazorekebisha pembe ya gurudumu, zipigie alama mahali zilipokaa. Unapofunga mpya, paka grisi nyembamba kwenye shina la bolti, isiguse mpira wala nyuzi za bolti.

Fundi habari. Mimi ni mama mwenye RX-8, imekaa chini ya mwembe miaka miwili. Nimebadilisha bushi zote, sasa matairi ya mbele yanaliwa ndani. Zimefungwa vibaya? (Msomaji wa Goba)

Nzuri dada yangu, na hongera kwa kulirudisha barabarani. Si lazima ziwe zimefungwa vibaya. Umefanya alaimenti, yaani kupima na kunyoosha pembe za magurudumu? Bushi mpya zimehamisha magurudumu kutoka pale yalipokuwa yamezoea. Liendeshe siku mbili tatu, kisha lipeleke kwenye mashine inayopima magurudumu yote manne, kwa sababu RX-8 inarekebishwa hadi nyuma. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na kabla hujatoka hapo mwambie fundi akuoneshe kwamba bolti alizolegeza amezikaza gari likiwa limesimama kwa matairi yake.