Fleti kuukuu Japani: omba kumbukumbu za vikao kwanza

"Kaka, nimeona fleti Kobe, yen milioni 4 tu, jiko jipya. Nichukue?" Ujumbe huu umeniingia wiki hii, nami mwezi uliopita nimekabidhiwa funguo za fleti yangu humu humu Kobe, kwa hiyo najibu hadharani.

Nilinunua kwa uchungu. Nilipokuwa mpangaji, dalali alikuwa akimpigia mwenye nyumba mbele yangu, na jibu nikalisikia kabla hajakata simu: wageni hapana. Kwenye kununua sheria haikubagui. Kikwazo ni benki. Nyingi zinataka uwe na ukaazi wa kudumu. Nikausubiri, nikadunduliza.

Sasa sikilizeni. Anza na tarehe. Kanuni mpya za kuhimili tetemeko zilianza Juni 1, 1981, na kinachohesabiwa ni siku kibali cha ujenzi kilipotolewa. Jengo lililokamilika 1982 laweza kuwa la kanuni za zamani. Mji huu ulipigwa na tetemeko kubwa Januari 17, 1995, hapa hakuna mjadala.

Halafu mfuko wa ukarabati, ambao kila mwenye fleti huuchangia kila mwezi, maana majengo mengi hufanyiwa ukarabati mkubwa kila miaka 12 hadi 15. Kule Suma, wilaya ya pwani humu Kobe, nilipata fleti yenye dirisha la kutazama bahari, roho yangu yote ikahamia pale. Nikaomba kumbukumbu za vikao vya wamiliki. Humo nikasoma: mabomba ya majitaka yanavuja, mfuko hautoshi, mchango upandishwe. Muuzaji mwenyewe alikuwa na malimbikizo ya michango, na kisheria deni hilo humhamia mnunuzi. Dalali akanuna. Nikaaga.

Niliyonunua jiko lake ni la kizamani, lakini mfuko una hela na ngazi zinafagiliwa. Ndugu zangu, acheni kubabaishwa na rangi mpya! Gari la Japani hamnunui bila karatasi ya mnada. Nyumba mnasaini vipi gizani? Kama Kijapani chako ni cha dukani, lipia mkalimani. Kabla ya mkataba, mtaalamu mwenye leseni anawajibika kukueleza habari za jengo. Msimamishe, muulize, arudie. Tenga na hela ya dalali: kwa nyumba isiyozidi yen milioni 8, tangu Julai 2024 anaruhusiwa kudai hadi yen 330,000 pamoja na kodi. Na arubuni usitoe kabla hujasoma hayo yote, kwa sababu ukighairi kwa hiari yako haikurudii.