Njia ya mfereji wa Chesapeake na Ohio: haikuchongwa kwa ajili ya baiskeli

Je, njia hii ya Marekani, kando ya mfereji wa zamani wa mashua, ilichongwa kwa ajili ya baiskeli? Hapana, waendesha baiskeli wameirithi tu. Ilikuwa njia ya nyumbu waliokokota mashua za makaa ya mawe kwa kamba (nyumbu mtoto wa punda na farasi, si wale wa Serengeti). Ndiyo maana haina milima: inafuata ukingo wa mfereji na hupanda kidogo tu kwenye kila lango la maji (chumba cha kupandisha au kushusha mashua). Ni kilomita 297 hivi, kutoka Georgetown, Washington, hadi Cumberland, Maryland.

Mafuriko ya 1924 yalifunga biashara ya mashua, kisha ikapendekezwa pajengwe barabara ya magari. Mwaka 1954 jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, William O. Douglas, akawaalika wahariri wa gazeti la Washington Post, lililounga mkono barabara hiyo, waitembee njia naye kwa miguu kwanza. Barabara haikujengwa, na 1971 mfereji na njia yake vikawa hifadhi ya kitaifa ya kihistoria.

Mimi nimeendesha kipande cha Georgetown hadi Great Falls tu. Udongo na kokoto. Mvua ikinyesha ni tope, kwa hiyo acha nyumbani tairi nyembamba. Vipande vingine vimemwagwa kokoto laini upya, vingine bado mizizi na madimbwi. Kwenye handaki la Paw Paw, kama mita 950 za giza, shuka ukokote baiskeli.

Ukisikia mtu akisema njia hii inafika mji wa Pittsburgh, yuko sahihi nusu. Kuanzia Cumberland unaingia njia nyingine, Great Allegheny Passage, inayofika huko, na hiyo ilikuwa reli, si mfereji.