Karakana ya Wasomaji: 4A-FE, 7A-FE au Blacktop?

SWALI: Mafundi wetu, salaam. Nimenunua fremu ya mabomba ya gari la kujiundia, viti viwili, injini inakaa nyuma ya viti. Michoro inasema fremu inapokea injini yoyote ya Toyota ya ukoo wa A pamoja na giaboksi ya Corolla. Gari likikamilika litafika kilo 600 hivi. Nimeonyeshwa tatu: 4A-FE iliyo bado ndani ya Corolla AE111 ya otomatiki iliyogongwa nyuma; 7A-FE iliyotolewa kwenye Premio AT211; na 4A-GE Blacktop ya vali 20, injini tupu bila waya. Corolla nzima imezidi bei kidogo. Nichukue ipi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Chukua Corolla, hata kama moyo unakuvuta kwenye Blacktop.

Injini hizi tatu ni ndugu wa damu. Zote zina bloku ya chuma cha kusubu na kipenyo cha silinda cha mm 81. Ya 4A ina mwendo wa pistoni wa mm 77, ndiyo maana ni sisi 1,587. Ya 7A ina mm 85.5, ikafika sisi 1,762. Kwa hiyo kushika kwenye fremu zitashika. Kinachomtesa mtu ni vile vinavyoizunguka injini: waya, kontroli boksi (kompyuta ya injini), sensa, pampu ya petroli na rilei yake. Hapo ndipo ndugu hawa hawaazimani nguo.

Tuanze na Blacktop. Kiwandani inatoa PS 165 (nguvu za farasi) kwenye mizunguko 7,800 kwa dakika, na ina throto bodi nne, moja kwa kila silinda. Ni injini tamu kweli. Lakini bila waya na boksi lake utaanza kutafuta kimoja kimoja: kontroli boksi la gari la gia za manuo, distribiuta, igniter (kifaa cha kuendesha koili ya cheche), sensa ya presha ya manifoldi, soketi zenye pini zake. Ukishindwa utalazimika kununua kompyuta ya kuprogramu na kumlipa mtu wa kuipanga. Mara nyingi gharama hiyo hushinda bei ya injini yenyewe. Isitoshe kompresheni yake ni 11.0 kwa 1, na ilitengenezewa petroli ya Japani ya daraja la juu.

Ya 7A-FE ina sifa moja kubwa: toki (nguvu ya kuzungusha) ya karibu Nm 155 inapatikana kwenye mizunguko 2,800 tu. Kwa bagi zito (gari la kujiundia) la matope ningeitaka. Tatizo ni hiyo AT211. Wengi wa ukoo huo walifungwa 7A ya kuchoma mchanganyiko mwembamba, yenye sensa yake ya pekee kwenye ekzosi na boksi lake. Ukiifunga na waya za 7A ya kawaida itakosa nguvu na kurukaruka, na fundi atabadilisha plagi hadi achoke, maana kosa haliko huko.

Sasa 4A-FE. Kiwandani ni PS 110 hadi 115 kutegemea mwaka. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini yoyote isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu. Hata hivyo Corolla yenyewe inavuta zaidi ya tani moja. Wewe unavuta kilo 600. Utalisikia. Na mkanda wa taimingi ukikatika kwenye 4A-FE, vali hazigongani na pistoni. Kwenye Blacktop hupinda.

Kabla hujailipia, iwashe ipate moto, kisha pima kompresheni: plagi zote nje, throto wazi kabisa, pampu ya petroli na igniter zimechomolewa. Kitabu kinasema psi 191, isishuke chini ya 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Lakini takwimu hizo ni za usawa wa bahari. Kwa Nakuru hata injini nzima itakusomea 150 hivi, usiikatae kwa hilo. Angalia zaidi tofauti: silinda tatu zikisoma 150 na moja 120, achana nayo.

Usiitoe injini kwanza. Weka kipima mlalo juu ya kava la vali na uandike inainama digrii ngapi, kisha uirudishe na mwinamo uleule kwenye fremu. Ukiilaza zaidi, mdomo wa kufyonzea oili ndani ya sampu utabaki mkavu kwenye kona na beringi za kranki zitaliwa. Halafu toa waya kama ulivyo, kuanzia boksi la fyuzi la mbele hadi kontroli boksi, bila kukata hata soketi moja. Kila soketi ifungiwe tepu yenye jina. Chukua pia swichi ya funguo, dashibodi ya mita, sensa ya mwendo, pampu ya petroli na rilei yake, kebo ya eksileta, redieta na feni yake, habu na draivu shafti.

Kwa kuwa ni otomatiki, una njia mbili. Unaweza kuiacha hivyo, na gari litatembea. Ukitaka manuo, tafuta giaboksi ya C50 pamoja na flaiwili, klachi, boliti za flaiwili yenyewe (zile za sahani ya otomatiki usizitumie), kebo mbili za gia na draivu shafti zake. Boliti za flaiwili kaza Nm 78. Starta haitazunguka mpaka uunganishe waya mbili zilizokuwa zikipita kwenye swichi ya P na N; watu wengi hununua starta mpya bure kwa sababu hiyo. Na kama boksi la otomatiki linaendesha pia gia, taa ya injini itawaka likikosa solenoidi zake. Boksi la manuo la AE111 huondoa kero hiyo.

Siku ya kuwasha, unganisha pini za TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, kisha weka taimingi (wakati wa cheche) nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Ukisahau kuunganisha, boksi litakuwa likisogeza taimingi lenyewe na utapanga uongo.

SWALI: Mimi fremu yangu ni kama hiyo, ila nimeshaamua vali 20. Silvertop au Blacktop? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Silvertop ni 4A-GE ya vali 20 iliyoitangulia Blacktop. Ikiwa zote mbili zimekuja na waya na boksi, chukua Blacktop. Si kwa sababu ya PS 5 inazoizidi Silvertop, hizo hutazihisi. Silvertop hupima hewa kwa kibati kinachofunguka ndani ya boksi la hewa, kwa hiyo lazima ubebe boksi hilo na mpira wake mnene, na nyuma ya viti nafasi ni finyu. Blacktop inasoma presha kwa kimpira kidogo tu.

Kwa joto la Dar, na uko usawa wa bahari, tumia petroli ya RON (kipimo cha okteni) 95 au zaidi na usiiguse taimingi ya kiwandani kwa kutafuta nguvu. Ukisikia mlio wa njugu (petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda) injini ikibebeshwa mzigo, punguza mguu papo hapo. Pistoni haivumilii hilo muda mrefu. Mpira kati ya throto bodi na hedi huchanika kwa uzee, na dalili yake ni mizunguko kupanda na kushuka gari likisimama. Badilisha yote minne kabla ya kufunga, maana injini ikishakaa ndani ya fremu mkono haufiki. Mkanda wa taimingi, roli na pampu ya maji pia ni sasa au majuto.

SWALI: Injini ya 4A-FE nimeifunga nyuma, hita nimeitoa na mipira yake nimeiziba. Inachemka ghafla kisha inapoa yenyewe. Redieta ni mpya. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Zibua hiyo mipira na uiunganishe yenyewe kwa yenyewe. Kwenye injini hizi themostati iko upande wa maji yanayoingia, karibu na pampu. Inahitaji maji ya moto yaliyozunguka ndani ya injini yaiguse ndipo ifunguke, na mzunguko wa hita ni sehemu ya njia hiyo. Ukiuziba, themostati inakaa kwenye maji baridi huku hedi inachemka, kisha inafunguka kwa kuchelewa.

Pia toa hewa. Mabomba marefu ya kwenda redieta ya mbele yawe na kipenyo cha ndani cha mm 32 hivi, yasiwe na mgongo wowote katikati, na pale palipo juu kuliko pote weka skrubu ya kutolea hewa. Inua pua ya gari kwa jeki, jaza taratibu, acha injini iungurume huku kifuniko kikiwa wazi mpaka feni iwake mara mbili, kisha ongeza maji na ufunge.