Mkono wangu ulitangulia

Mwanangu Masanja,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kwa nini uligutuka ulipopeana mkono na mpangaji mwenzako mwenye ualbino, wewe msomi, wewe ambaye mwaka 2009 Waziri Mkuu Pinda alipolia Bungeni kwa mauaji ya watu wenye ualbino ulizima redio ukatoka nje. Unataka kujua kama hofu ya namna hiyo hufa.

Mimi naijua ya kwangu tu.

Yule bibi wa ng'ambo ya lambo unamkumbuka, wa karanga. Macho yake mekundu. Kwetu Shinyanga macho hayo huitwa ya mchawi, na yametosha kumkatisha mtu mapanga. Wiki ileile nilikuwa nimesimama ubaoni nikiwaeleza darasa la sita kwamba miti ikiisha watu hupikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na aliyepuliza moto miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha, macho hayawezi kumbaki meupe. Nilieleza vizuri, hata mwenyewe nilijipenda. Jumamosi bibi akaja kutujulia hali, akanyoosha mikono ambebe dada yako. Nikampokonya. Akasema, "Basi, mayu," akajifuta viganja kwenye kitenge, kana kwamba vina uchafu. Viganja vile naviona mpaka leo.

Siku zote nawaambia: mwili una mbio, akili inakuja nyuma na fimbo. Marehemu baba yako alikuwa akinicheka. Lakini wewe siku hiyo, una miaka mitatu, ulimpanda bibi mapajani ukamshika kope. Mwili wako haukuwa na mbio zozote. Wangu ulifundishwa, na aliyenifundisha namjua: mama yangu, usiku, tukimenya karanga.

Akili nayo nisiisifu mno. Waliowaua vikongwe hawakukurupuka. Walihesabu misiba na ng'ombe waliokufa, wakaenda kwa mganga kupiga ramli, wakachanga fedha za kumlipa muuaji. Walifikiri sana hao! Sasa nishike nini? Huruma? Hiyo nilikuwa nayo hata nilipompokonya.

Jumatatu nilimpeleka mtoto kwake. Akakataa. "Mwache, ana usingizi." Na mtoto macho kodo! Nikarudi tena, na tena, mara na chumvi, mara mikono mitupu. Mwezi wa pili ndipo akampokea, na moyo wangu ukaruka vilevile, ila mikono niliishikilia mgongoni. Alimwimbia, dada yako akamkojolea, bibi akacheka mpaka akakohoa. Sijapata kufurahia mkojo wa mtoto kama siku ile.

Unataka niseme kama wewe ni mbaguzi. Ulimi unaniwasha, lakini sisemi. Umeandika kurasa mbili juu ya moyo wako, Masanja. Hukuniandikia kama mkono uliurudisha haraka, wala kama mwenzako aliona.

Mama yako