Mhandisi Aliyesimamisha Kazi Kwenye Mchanga

Ndugu Mhariri,

Juma hili mmetuuliza wasomaji ni mhandisi gani aliyekwisha kufariki ambaye tungependa akumbukwe kwa maisha yake yote, wala si kwa kazi aliyoiacha tu. Jibu langu ni Washington Roebling, mhandisi mkuu wa Daraja la Brooklyn lililoko New York, na sababu yangu si daraja lenyewe.

Wanaomfahamu wengi humfahamu kama mgonjwa wa dirishani, yule aliyelitazama daraja lake kwa darubini likiendelea kujengwa bila yeye kuweza kulifikia. Habari hiyo ni ya kweli, lakini imemfunika mtu mzima. Kabla ya dirisha kulikuwa na askari aliyeingia jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 akiwa hana cheo, akawajengea wenzake madaraja ya kuning'inia, akapanda puto kuchungulia nyendo za adui, na tarehe 2 Julai 1863, katika vita vya Gettysburg, akasaidia kuupandisha mzinga kwenye mawe ya kilima cha Little Round Top. Mkuu wake siku hiyo alikuwa Jenerali Gouverneur Warren. Mwaka uliofuata dada yake jenerali, Emily, alikuja kumtembelea kaka yake jeshini, na Januari 1865 Roebling akamwoa.

Daraja lilikuwa wazo la baba yake, John Roebling, ambaye mwaka 1869 mguu wake ulipondwa na kivuko akiwa katika upimaji, akafa kwa pepopunda majuma machache baadaye. Mwana alirithi kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 32.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Msingi wa kila mnara wa daraja ulichimbwa kwa kesoni, yaani sanduku kubwa mno la mbao lisilo na sakafu, lililozamishwa hadi chini ya mto na kujazwa hewa ya kusukumwa kwa mashine ili maji yasiingie. Wachimbaji walifanya kazi humo ndani huku mawe ya mnara yakizidi kupangwa juu ya vichwa vyao. Katika hewa ile nzito sauti ya mwanamume hugeuka nyembamba, mluzi haupigiki, na mshumaa ukiuzima kwa kuupuliza huwaka tena wenyewe. Aliyetoka upesi aliumwa viungo, wengine wakapooza na baadhi wakafa, kwa kuwa naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kwa mapovu kama soda inapofunguliwa. Wakati huo hapakuwa na aliyeielewa vizuri sababu hiyo.

Kadiri kesoni ya upande wa New York, yaani Manhattan, ilivyoshuka ndivyo wagonjwa walivyoongezeka, na mwamba ulikuwa bado uko chini zaidi. Mwezi Mei 1872, kwenye kina cha mita 24 hivi, Roebling aliukagua mchanga uliokuwa chini ya miguu yao, akaona umeshikamana vya kutosha, akaamuru uchimbaji ukome. Mnara ule umesimama juu ya mchanga hadi leo. Mhandisi mwenye kiburi angelitafuta mwamba kwa gharama ya maisha ya wengine. Mimi huamini kwamba aliyekwisha kuwaona vijana wakiangushwa vitani alijua kuhesabu na upande huo wa hesabu. Yeye mwenyewe alikuwa akishuka pamoja nao mara kwa mara, na ugonjwa ule ule ukamvunja mwaka huo huo.

Kuanzia hapo Emily ndiye aliyekuwa akienda na kurudi na maagizo, akijifunza hesabu na nguvu za vifaa hata akaweza kujibizana na wahandisi na makandarasi. Mwaka 1882 palipotokea jitihada za kumwondoa mumewe katika cheo, yeye ndiye aliyesimama mbele ya wahandisi kumtetea. Daraja lilipokaribia kufunguliwa Mei 1883, alilivuka kwa gari la farasi kabla ya wengine, amempakata jogoo kama ishara ya ushindi. Wako wanaodai kwamba sifa za Emily zinampunguzia mumewe. Sioni hivyo, maana mume wa enzi zile aliyemkabidhi mkewe kazi kubwa kiasi hicho, naye akaridhika watu wajue, hakuwa mtu wa kawaida.

Tena hakufundishwa hayo nyumbani kwao. Katika maandishi yake juu ya maisha ya baba yake hakuficha kwamba mzee yule, aliyesifiwa kila mahali, aliwapiga watoto wake kikatili. Hata hivyo mwanawe wa pekee, aliyezaliwa mwaka 1867 huko Mühlhausen, Ujerumani, mji alikozaliwa babu yake, alimpa jina la babu huyo: John.

Yule mgonjwa wa dirishani aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya daraja kufunguliwa. Mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 84, aliitwa tena kuongoza kampuni ya ukoo wao ya nyaya za chuma, naye akaikubali kazi. Aliaga dunia Julai 1926. Burudani yake ilikuwa kukusanya madini, na alipofariki alikuwa na vielelezo zaidi ya 16,000. John, mwanawe, aliukabidhi mkusanyo huo kwa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya huko Marekani.