Maswali ya Wasomaji: Siku Nne Kati ya Gede, Mida na Arabuko-Sokoke

Tunapanga siku nne pwani ya Kilifi tukiwa na mwongozaji: magofu ya Gede, hori la Mida (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu), msitu wa Arabuko-Sokoke, hifadhi ya bahari ya Watamu na korongo la Marafa. Waongozaji wawili wametutumia ratiba, na zimepishana kabisa. Tufuate ipi? (Msomaji, Nakuru)

Waulize wote wawili: siku hizo maji yanapwa saa ngapi? Asiyeweza kujibu hajapanga safari bado.

Pwani hii bamvua, yaani maji makubwa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, hujaa kama saa kumi alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Kila siku saa hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye ni maji mafu: saa zinageuka, maji yanajaa asubuhi, na tofauti inakuwa ndogo.

Tungechagua bamvua bila kusita, kwa ajili ya Mida. Maji yanapoanza kurudi horini, ndege waliotawanyika kwenye tope husukumwa hatua kwa hatua kuelekea ukingoni. Saa mbili hivi kabla ya maji kujaa ndio wakati wa kukaa kimya kwenye kibanda cha kutazamia, mwisho wa daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Hapo, bila kuhangaika, utamwona yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Ukipelekwa Mida asubuhi ya bamvua kwa sababu "iko njiani", utaona tope tupu na vitone vyeupe kwa mbali. Ukichelewa hadi maji yajae kabisa, tope limefunikwa na ndege wameshahama. Muda wa katikati ndio unaolipia safari. Mwombe mwongozaji akutofautishie mkoko wenye mizizi ya magongo na mchu unaochomoza vijiti vya kupumulia kutoka topeni. Ukishaijua mizizi hiyo miwili, utaanza kuona jinsi miti inavyogawana ufuo.

Kwa hiyo, mkianza siku moja baada ya mwezi mpevu: siku ya kwanza tokeni Mombasa asubuhi, simameni kwenye magofu ya Mnarani pale Kilifi, kisha Gede alasiri. Kutoka Mombasa hadi njia panda ya Gede ni kilomita 100 hivi. Siku ya pili ingieni msituni alfajiri, pumzikeni adhuhuri, na saa nane muwe Mida. Siku ya tatu ni ya bahari: matumbawe ya Watamu hutazamwa vizuri maji yakiwa yamepwa na kutulia, kwa sababu yakiwa yanakwenda kasi hubeba mchanga na kumchosha mwogeleaji. Mjulisheni nahodha siku moja kabla, maana boti iliyoachwa karibu mno na ufuo siku ya bamvua hukwama mchangani. Siku ya nne pitieni Malindi, kwenye nguzo ya Vasco da Gama aliyefika hapo mwaka 1498, kisha Marafa.

Nilipelekwa Arabuko-Sokoke mwaka jana, tukatembea saa mbili, sikuona bundi wala sange. Je, wapo kweli? (Msomaji, Voi)

Wapo, ila kila mmoja ana mahali pake. Msitu huu wa kilomita za mraba 420 hivi una sura tatu. Upande wa mashariki, karibu na barabara ya Mombasa–Malindi, ni msitu wa miti mchanganyiko. Katikati kuna miti ya mirihi juu ya mchanga mweupe. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu na vichaka vya miti iitwayo Cynometra vimesongamana. Bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 17 hivi, anaishi kwenye vichaka hivyo vya udongo mwekundu. Saa mbili kwa miguu kutoka kituo cha Gede hazikufikishi huko. Kabla ya kulipa uliza: "Tutafika kwenye udongo mwekundu, na kwa gari gani?" Baada ya mvua udongo huo huteleza vibaya, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne litakwama.

Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, ni suala la masikio. Hupekua majani makavu akitafuta wadudu, kwa hiyo simama na usikilize mchakacho. Kundi la watu kumi wanaozungumza halitamwona. Watu watano kwa mwongozaji mmoja wanatosha. Usiingie bila mwongozaji, kwani msitu una tembo. Na mwongozaji akianza kupiga sauti ya bundi kwenye simu tena na tena, mzuie: ndege huyo anadhani amevamiwa na anaacha mahali pake pa kulala.

Ninaleta wanafunzi 40 wa Gredi ya Nane huko Gede. Nifanyeje wasizunguke tu wakipiga picha? (Mwalimu, Kaloleni)

Mwalimu, wagawe makundi manne na ulipe kila kundi kazi ya kutafuta. La kwanza litafute mkuki uliochongwa juu ya mlango wa Msikiti Mkuu. La pili litafute kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. La tatu lieleze kwa nini kibla kinaelekea kaskazini. La nne lihesabu visima, kisha lijadili maji. Kupungua kwa maji visimani ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17, pamoja na vita na kusonga kwa Waoromo kutoka kaskazini. Nyumba nyingi zimepewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani wakati James Kirkman alipochimba, kuanzia mwaka 1948. Ipo Nyumba ya Mkasi na ipo Nyumba ya Taa ya Chuma.

Asipande mtu ukutani. Mawe ya matumbawe yameshikwa kwa chokaa, na chokaa iliyonyeshewa karne kadhaa humomonyoka chini ya kiatu kimoja. Tangu 2024 Gede imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na hilo wanafunzi walijue kabla hawajashuka basi.

Mimi ni bibi wa wajukuu watatu, magoti yananisumbua. Nitaweza? (Msomaji, Kisauni)

Shikamoo bibi. Gede utaweza, njia ni tambarare na ina kivuli. Chukua fimbo kwa ajili ya mizizi. Mnarani kuna ngazi nyingi ukianzia chini kwenye maji, hivyo mwombe dereva akupandishe kwa gari upande wa juu. Daraja la Mida hutikisika, basi likatazame ukiwa ukingoni. Marafa usishuke bondeni. Kaa juu kuanzia saa kumi, jua likishuka rangi za korongo hukolea, lakini wajukuu wasikaribie ukingo, kwa sababu mvua huula kwa chini.

Tulipe vipi na tubebe nini? (Msomaji, Thika)

Hifadhi zilizo chini ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) hazipokei taslimu; lipeni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mkiwa bado mna intaneti nzuri, na mhifadhi risiti kwenye simu. Mwongozaji awaonyeshe leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Maji wekeni kwenye chupa za kujazwa tena, kwani tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi, misitu na fukwe zilizolindwa. Baharini vaeni fulana ya mikono mirefu, inakinga jua mgongoni kuliko mafuta yanayooshwa na maji.